Vyungu vya Mboga Mlangoni kwa Mama

Nilimkuta mama yangu akichuma mnafu ndani ya maji. Maji yalimfika magotini. Alikuwa ameinama, mkono mmoja umekusanya khanga isilowe, mwingine unapapasa chini kama mtu aliyeangusha sindano, na kila alipoinuka alikuwa na vijiti viwili vitatu vyenye majani yaliyokwisha kuanza kuoza. Hiyo ndiyo ilikuwa bustani yake, pale Mwaya, Kyela, kando ya ziwa, katika masika ya kwanza niliyoyakuta baada ya kurudi kutoka Zambia.

"Mugonile, mama," nikamwamkia kutoka kwenye mtumbwi ulionileta.

"Ndaga, baba. Umefika?" Akasema hivyo kana kwamba nilikuwa nimekwenda dukani tu. "Subiri hapohapo, leo mboga ni kidogo."

Sikuweza kusubiri. Nilishuka na viatu vyangu vya ngozi nikaingia majini. Mimi, niliyekuwa nikisimamia nyumba za vioo za watu wa nje, nyumba ambamo maua yalinyweshwa tone kwa tone, nilikuwa na mama anayevua mboga kama samaki!

Niseme mapema nilivyokuwa, ili msomaji aelewe kwa nini jambo hili lilinichoma. Niliondoka Kyela nikiwa kijana asiye na kitu, na hakuna mjomba wala padri aliyenisomesha. Nilianza kwa kubeba mbolea kwenye mashamba ya nje ya Lusaka, nikajifunza lugha ya mabwana, nikajifunza majina ya mimea, nikaingia chuo kwa jasho langu na kutoka na diploma ya kilimo cha bustani. Niliporudi ilikuwa enzi ya ruksa, serikali imefungulia biashara. Maduka yaliyokuwa na chumvi na kiberiti peke yake sasa yalijaa ndoo za plastiki, redio na mitumba, na kakao ilinunuliwa na kila mwenye mizani. Mimi nilikuwa nimetanguliza fedha nikajengewa karibu na soko la Kyela mjini, nami nikapata kazi katika ofisi ya kilimo. Nyumba ya tofali za kuchoma, bati jipya, na uwanja wote nikausakafia kwa sementi kutoka ukuta hadi ukuta, tope la Kyela lisinifikie. Watu walisimama barabarani kuutazama uwanja ule. Sisemi uongo, walisimama.

Kwa hiyo nikamwambia mama, "Pakia vyombo. Unakuja kukaa kwangu."

Baba alikuwa amefariki nikiwa ugenini, na dada zangu wameolewa mbali. Nilikuwa nimerudi kwa ajili yake. Alifunga mlango wa nyumba yake, akaja mjini, akazunguka uwanja wangu akikanyaga sementi kwa uangalifu kama anayekanyaga kitanda cha mtu. Kisha akauliza, "Mboga ya mlangoni iko wapi?"

"Tutanunua sokoni, mama. Soko lile pale."

"Mwanamke mwenye akili anunue mnafu?" Alinitazama kwa masikitiko ya kweli. "Baba, mimi nitakaa. Lakini masika yajayo yakifika sijaona mboga yangu mlangoni, narudi Mwaya. Usije ukasema sikukuambia."

Nilimjua. Mama hakuwahi kutisha kwa maneno matupu, na nyumba yake ilikuwa imefungwa tu, haikuvunjwa. Hivyo nikawa na kazi moja: kuotesha mboga juu ya sementi, ziote vizuri kiasi cha kumzuia mama yangu asirudi kwenye maji.

Jirani yangu alikuwa mfanyabiashara Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Duka lake lilikuwa ukuta kwa ukuta na uwanja wangu na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe aliouza. Kwake nilichukua ndoo za plastiki na madebe yaliyokuwa ya mawese.

"Bwana Diploma," akaniita, "kote huko ulikokwenda, umejifunza kulima ndani ya ndoo?"

"Watu walioendelea wanalima hata ghorofani."

"Sisi huku ardhi tunayo mpaka tunaitemea mate. Wewe umeifunika kwa sementi, sasa unaitafuta kwa ndoo! Haya, chukua. Mteja ni mfalme hata akiwa hana akili."

Udongo wa kwanza aliuchagua mama mwenyewe. Aliagiza magunia kutoka kwenye majaruba yake ya mpunga, udongo mweusi unaong'aa ukiukata kwa jembe. Nilimweleza kwamba udongo unaofaa shambani haufai chomboni. Shambani udongo una kina na una minyoo inayoutoboa usiku na mchana. Ndani ya ndoo umefungwa. Maji yakiingia hayana pa kwenda, jua likiwaka hauna pa kukimbilia.

"Udongo huu umekulea," akanijibu. "Hiyo diploma yako ilianzia kwenye wali wa udongo huu."

Sikubishana na mama. Tuliujaza. Mvua iliponyesha ukawa uji, na jua lilipotoka ukakauka, ukajikunja na kuachana na kuta za ndoo. Asubuhi moja mama alivuta mche wa mchicha, na udongo wote wa ndoo ukatoka kwa mkupuo mmoja, mgumu, wenye umbo kamili la ndoo. Aliugonga kwa kifundo cha kidole. Ukalia ko, ko, ko.

"Haki ya Mungu," akasema. Nilimwona ameshtuka, naye si mtu wa kushtuka. "Tofali!"

"Nilikwambia, mama."

"Uliniambia haufai chomboni. Hukuniambia naweza kujengea choo."

Ndipo nikaingia mimi. Nilichanganya kama nilivyofundishwa, ila kwa vitu vya kwetu, maana vile vya kwenye magunia ya plastiki ya Lusaka havikupatikana Kyela na wala sikuvihitaji. Makopo matatu ya udongo mwepesi wa mgombani, ule uliojaa majani yaliyooza. Makopo mawili ya makapi ya mpunga. Hayo makapi sikuyatia mabichi, kwa sababu mabichi huendelea kuoza ndani ya chombo, yanapata joto na kula chakula cha mmea mpaka majani yanageuka njano. Niliyachoma polepole, yakawa meusi bila kufika majivu. Kopo moja la vijiwe vyepesi vinavyoletwa na mto kutoka Rungwe, vile vyenye vishimo ambavyo huelea watoto wakivitupa majini. Na kopo moja la samadi ya ng'ombe, kuukuu, isiyonuka tena. Ukiufinya mchanganyiko huo mkononi unashikana, ukiugusa kwa kidole unaachia. Hiyo ndiyo alama, na mpaka leo sijaona iliyo bora.

Mama alitia mkono, akaufinya, akauachia. "Mwepesi kama uongo," akasema. Lakini mbegu alizitia yeye mwenyewe, na zikaota zote.

Tatizo likawa vyombo. Jua la Kyela mnalijua, na sementi yangu ililirudisha juu kama kikaango. Nilipotia kidole ndani ya ndoo mchana nilikitoa haraka, mizizi ilikuwa inachemka. Madebe yalikuwa mabaya zaidi. Nikajua kinachotakiwa ni vyombo vya udongo wa kuchoma, ambavyo hupumua na kubaki na ubaridi, na vyungu bora kuliko vyote nchi hii hufinyangwa na akina mama wa Kikisi wa ufukweni, watu wa ukoo wa mama yangu. Nikaenda soko la Mwaya siku wanayoleta vyungu kwa mitumbwi.

Mama mmoja wa makamo alikuwa anapanga vyungu vyake kwenye majani makavu. Nikamwambia ninachotaka: vyungu kumi na viwili, vipana, na kila kimoja akitoboe kitakoni kikiwa bado kibichi, tundu la kupita kidole gumba.

Akaacha kupanga. "Kitakoni?"

"Kitakoni."

"Vyote?"

"Vyote, mama."

"Vya nani, baba?"

"Vya mama yangu."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Mwenzake wa pembeni akasema jambo kwa Kikisi, lugha ambayo mama amezaliwa nayo nami sikuirithi, na wote wawili wakanitazama kwa upole mkubwa. "Pole, baba. Pole sana."

"Nimeshapoa," nikajibu. Nilidhani ni pole ya safari na ya kuacha ofisi nije kuhangaika na vyungu.

"Tutakuletea wenyewe mpaka kwako," akasema. "Usihangaike na kubeba." Wala hakupandisha bei kwa hayo yote. Nilirudi mjini kifua mbele. Nilimwambia jirani kwamba heshima ya elimu sasa imefika mpaka ufukweni.

Asubuhi waliyokuja, mama alikuwa amekwenda mashineni kusaga. Akina mama wa ufukweni waliingia kwa mstari, vyungu kichwani, wakaviweka barazani kifudifudi, matundu yakitazama juu. Nikasema asanteni. Walifungua khanga mabegani wakazifunga viunoni, wakaketi kwenye sementi yangu, wakaanza kulia.

Sikuelewa. Nilidhani mmoja wao ameumwa na kitu. Nikamwinamia yule wa kwanza kumuuliza, naye akanikumbatia shingoni akalia kwa nguvu zaidi. Majirani wakatoka. Mtu akasimama barabarani, akaviona vile vyungu vilivyopangwa mbele ya mlango, akavua kofia. Akaingia mwingine, na mwingine. Kisha likasimama lori, wakashuka watu wa Mwaya, shangazi zangu mbele na mikeka, nyuma wanaume na majembe na masururu.

"Jamani kuna nini?" nikauliza.

"Kaza moyo," akaniambia baba yangu mdogo. "Hivi ndivyo dunia ilivyo." Akaangalia uwanja kulia na kushoto, kwa taabu ya mtu mwenye kazi asiyoona pa kuianzia. Kwetu mtu huzikwa nyumbani. "Sasa, mwanetu, tuambie. Kaburi tunachimba wapi, na sementi yote hii?"

"Kaburi la nani?"

Baba mdogo alidhani uchungu umenichanganya. Kijana mmoja alikuwa tayari amekita sururu, akapiga, na kipande cha sakafu yangu kikaruka. Nikapiga kelele. Wanawake waliposikia kelele zangu wakazidisha vilio. Jirani yangu akaingia na kanzu safi, pakiti za sukari kwapani. "Nimefunga duka," akasema, machozi yanamlengalenga. "Mama alikuwa mtu wangu. Jana tu amenitukana kuhusu mizani yangu."

Hapo ndipo niliposikia, kutoka langoni, sauti ninayoifahamu kuliko zote.

"Nani amefariki?"

Mama alisimama pale na ndoo ya unga kichwani, nywele na nyusi nyeupe kwa vumbi la mashine. Kilio kilikatika kama mtu amezima redio. Shangazi mmoja aliruka ukuta. Si utani, ukuta ule ulikuwa unafika begani mwangu, na yeye ni mtu mzima.

"Nauliza, nani amefariki?"

Baba mdogo akasogea hatua moja. "Shemeji, tumeambiwa ni wewe."

Mama akateremsha ndoo taratibu. Akatazama watu, akatazama tundu kwenye sakafu yangu, mwishoni akaviona vyungu. Akatembea mpaka barazani, akatia kidole gumba kwenye tundu la kitako cha kile cha kwanza.

"Aliyeagiza vitobolewe ni nani?"

"Mimi, mama. Ni vya mboga. Maji yapate kutoka."

Ilibidi nielezwe mbele ya watu wote. Kule kwao ufukweni, chungu cha marehemu huwekwa kaburini, na kabla ya kuwekwa hutobolewa kitakoni ili asije mtu akakichukua kwenda kupikia. Chungu kizima ni cha walio hai, chungu kilichotobolewa kitakoni ni cha aliyekwenda. Mimi niliondoka kijana. Mazishi ya utotoni niliyaona kwa mbali, maana watoto tulifukuzwa. Na kwa kawaida kimoja humtosha mtu. Walipoona nimeagiza kumi na viwili, wafinyanzi walidhani mwana aliyetoka nchi za watu anamzika mama yake kama malafyale, chifu wa Wanyakyusa.

Jirani yangu alibaki ameshika sukari. "Pole," akamwambia mama. Kisha akafikiri. "Yaani, hongera."

Yule mfinyanzi alikuwa wa kwanza kucheka, kisha uwanja mzima ukacheka, na mama naye akacheka. Mimi sikuweza kucheka. Niliketi kwenye ngazi. Kwa muda ule mfupi kabla hajatokea langoni, watu wote niliowaheshimu walikuwa wamekubaliana kwamba mama yangu hayupo, nami nilikuwa nimeanza kuwaamini.

Unga alioleta ulipikwa wote. Huwezi kuwarudisha watu waliokuja msibani bila kula, hata kama marehemu ndiye anayesonga ugali.

Walipoondoka mama aliniita. "Baba, sikulaumu. Lakini sitalala nyumba yenye vyungu hivyo mlangoni. Virudi. Na kama mboga yako haioti bila kunizika, nitafutie gari la Mwaya."

Wafinyanzi walivipokea. "Havikai sana, wenye msiba hawakosekani," akasema yule mama, akiviweka pembeni.

Hapo ndipo diploma ilipojaribiwa kweli. Chungu kisicho na tundu, kwenye mvua za Kyela, ni kisima, na mizizi huoza ndani ya kisima hata udongo uwe bora vipi. Nilikaa na chungu kizima mbele yangu nikikigeuza. Kisha nikaona, na namshukuru Mungu aliyenipa kichwa: maji si lazima yatokee chini. Nikaagiza tundu litobolewe ubavuni, upana wa vidole vitatu juu ya kitako.

Kabla ya kuagiza nilimuuliza mama, safari hii mapema. Alinitaka nimwonyeshe kwa kidole mahali penyewe. "Tundu la ubavuni," akasema mwishowe, "halina kesi na mtu."

Na kwa chungu cha namna hiyo mchanganyiko ulibidi ubadilike. Chini ya usawa wa tundu niliweka vijiwe vyepesi na makapi ya kuchoma peke yake, bila udongo. Mvua ikizidi, maji yanatokea ubavuni. Jua likizidi, yale yaliyobaki chini yanapanda polepole kufuata mizizi. Juu nikapunguza udongo wa mgombani kopo moja na kuongeza makapi kopo moja. Kitu hicho hakikuwa kwenye somo lolote nililosoma. Nilikitunga mimi, uwanjani kwangu, na nitasema hivyo popote.

Mnafu ulitoka mpana kama sahani. Mchicha, figili, chainizi, vyote vikafunika midomo ya vyungu, na ndani, hata saa ya jua kali, kidole kilikuta ubaridi. Watu walirudi kusimama barabarani, sasa si kwa ajili ya sementi. Mama alipima mchanganyiko kwa kopo lilelile bila kupunja, na jirani alipomwambia aongeze udongo kidogo kupunguza kazi, alimfokea, "Wewe una diploma?" Niliyasikia maneno hayo kupitia dirishani nikajiona nimemaliza. Mama ni wangu. Amekaa.

Masika yakakaribia. Nilirudi kutoka kazini mchana nikakuta pikapu imeegeshwa kinyumenyume langoni. Vyungu vyote vilikuwa juu yake, vimepangwa kwa majani ya migomba vikae bila kugongana, mboga zake zikiyumba. Mama alikuwa ameketi mbele pamoja na dereva, mkoba mapajani.

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Lakini mboga si zimeota? Si ulisema utakaa?"

"Nilisema zisipoota narudi. Sikusema zikiota sirudi." Akanishika mkono kupitia dirisha la gari. "Baba, hapa kwako ni pazuri. Lakini mimi nilikuwa nakaa kwa sababu kule mboga inazama. Sasa una dawa yake. Nikae kufanya nini? Baba yako amelala peke yake kule."

Nilisimama kwenye uwanja wangu, ambao sasa ulikuwa na sementi tupu na alama kumi na mbili za duara zenye unyevu, na jirani yangu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaja na ufagio kunifagilia majani yaliyodondoka.

Maji yalipojaa nilichukua mtumbwi kwenda kumtazama. Nilijiandaa kumkuta ameinama majini. Nilimkuta ameketi mlangoni pake, miguu mikavu. Mbele yake kulikuwa na uchanja wa mianzi, na juu ya uchanja vyungu vyote, kijani kitupu juu ya maji ya kahawia, kila ubavu ukidondosha tone lake. Wanawake wawili kwenye mtumbwi mwingine walikuwa wamejishikiza kwenye nguzo ya uchanja, nao walikuwa wanamuuliza mchanganyiko. Aliwatajia makopo moja baada ya jingine, kwa sauti ya mwalimu.

"Mugonile, mama," nikasema.

"Ndaga. Ndiye huyu," akawaambia, akininyooshea kidole, "mwenyewe." Wale wanawake wakanitazama toka kichwani mpaka miguuni. Nilinyoosha mgongo, sikujizuia. Kisha mama akachungulia ndani ya mtumbwi wangu, mbele na nyuma.

"Umekuja mikono mitupu? Samadi kuukuu iko wapi? Hapa yote imelowa. Geuza mtumbwi, baba, kabla mvua haijarudi."

Nikaugeuza.